Majina Saba Yaliyofutwa

Ukitaka kumwona Sairakan amewaka, mwandikie Kirusi. Mwalimu huyu mstaafu wa Naryn, mji wa Wakirgizi, alikuwa msimamizi wa jukwaa la mtandaoni ambako Wakirgizi waliotawanyika huandika majina ya mababa zao saba, kuanzia baba mzazi kwenda juu, wapate kujuana nani ndugu wa nani. Sheria ya kwanza aliitunga mwenyewe: Kikirgizi tu. Kosa la kwanza unafutiwa ujumbe, la pili unafutiwa na kuonywa, la tatu unafungiwa moja kwa moja. Hakuwa na mchezo, mama huyu!

"Utawamaliza watu, mwenzangu," jirani yake Burulcha humwambia wakinywa chai.

"Waende zao! Mtu anatafuta mababa zake kwa lugha ya watu, haoni haya?"

Na hakuwa akisoma, hilo ndilo baya. Akiona tu sentensi ya kwanza ni ya Kirusi, kidole kimeshafuta.

Asubuhi moja ya Aprili, Ermek, mwenye jukwaa, akampigia simu. "Mwalimu, usinikasirikie. Malalamiko yamezidi. Hebu wapitie waliofungiwa, pengine yupo wa kusamehewa."

Sairakan akasonya, lakini akaifungua orodha yenye ujumbe wao uliofutwa, akawa anausoma kwa sauti, kwa kejeli, huku Burulcha akipaka malai kwenye mkate. Wakafika kwa binti mmoja wa Yekaterinburg, Urusi, aitwaye Alina.

"'Naomba radhi, sikufundishwa Kikirgizi.' Umemsikia huyu?"

"Angalau ana adabu," Burulcha akacheka. "Haya, mababa zake?"

"Asanaly. Kalmurza. Toktosun..." Sauti ikapungua. "Bayzak."

"Mbona umenyamaza?"

Sairakan aliinua macho kutoka kwenye kioo cha simu akayamalizia yaliyobaki bila kuyatazama. Esenaman, Tilek, Kojomkul. Alifundishwa majina hayo na baba yake Kalmurza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na Asanaly alikuwa mdogo wake, aliyekwenda Urusi kutafuta kazi miaka thelathini na moja iliyopita, barua zikakatika, habari zake zikaulizwa kwa kila msafiri mpaka watu wakachoka kuulizwa.

Chini ya majina binti alikuwa ameandika: baba ni mgonjwa sana, anamtafuta dada yake Sairakan, aliolewa hatujui wapi, kijiji chao kimebadilishwa jina. Tafadhali, upesi. Aliandika mara mbili Februari na mara moja Machi. Mara ya tatu akafungiwa.

"Nimemfukuza!" Sairakan alipiga ukelele hadi Burulcha akaangusha kisu. "Burulcha, nimemfukuza Asanaly kwa mkono wangu huu!"

"Tulia, dada. Kuna namba hapo mwisho. Piga!"

Akabonyeza, akakosea mara mbili. Sauti ya kike ikaitikia, naye Sairakan akaongea Kirusi, hicho hicho, bila hata kujitambua.

"Alina? Mimi Sairakan."

"Shangazi?"

"Baba yako yuko wapi?"

"Tumemzika Jumapili."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Sairakan akakaa chini sakafuni pale pale.

"Aliomba dada yake amlilie," Alina akasema. "Kwa Kikirgizi, kama alivyoliliwa babu. Mama alizunguka mji mzima kutafuta mwanamke anayejua kulia hivyo, hakumpata. Tukamtoa nyumbani kimya kimya."

Jamani! Kwetu mwanamume hatolewi kimya. Dada hugeukia ukuta na kumwimbia kwa kilio habari za maisha yake yote, hata majirani walie.

"Alina, ni mimi niliyekufuta."

"Wewe? Mara zote tatu?"

"Zote tatu. Sikusoma hata moja."

Burulcha aliziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

"Leo tumekuja makaburini," Alina akasema, na sauti yake haikuwa ya upole. "Nimesimama karibu naye. Mlilie basi, shangazi. Mimi sitaelewa, ila naiweka simu hapa chini."

Sairakan akageukia ukuta wa jikoni, akaanza na jina la mdogo wake.