Siku Bibi Alipopaza Sauti Ukumbini

Juzi nilikuwa Kariakoo natafuta vitambaa vya pazia, mara nyuma yangu mtu akapaza sauti: "Mzigo! Mzigo huo!" Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshabandika mgongo ukutani, mkoba kifuani. Mchukuzi akapita na gunia lake kwa kujipenyeza, maana wengine wote njiani walikuwa wameziba masikio kwa muziki wa simu zao, hakuna aliyesogea. Alishapotea kwenye kona, mimi bado nimeganda pale pale.

"Dada, vipi, uko poa?" akaniuliza mwenye duka.

Nikamwambia niko poa. Sikuwa poa, rafiki yangu, na ngoja nikwambie kwa nini.

Nimekulia Mchafukoge, ghorofa ya tatu, kwa bibi mzaa mama. Bibi alitoka Kilimanjaro na aliuza ndizi mbichi kwa jumla pale Kariakoo. Nguo zetu zote zilikuwa na madoa meusi ya utomvu, na chakula chetu kilikuwa mtori wa ndizi asubuhi, mtori jioni, hadi leo nikisikia harufu yake nahisi nimeitwa nyumbani. Lori likishashusha, kazi ya bibi ilikuwa kutangulia mbele ya wachukuzi wenye mikungu, akipaza sauti hiyo hiyo niliyoisikia juzi. Mwili mdogo, sauti kama honi ya lori. Enzi zile ukisikia mzigo hugeuki kuuliza ni wa nani. Unabandika mgongo ukutani kwanza. Sisi watoto tulifundishwa hivyo kabla hata ya kufundishwa kuvuka barabara.

Mjomba alikuwa mwanawe wa mwisho, na mtoto pekee wa kiume aliyebakia hai. Aliuza fulana za mitumba Mchikichini, na kila akifungua belo, zile nyeusi zenye mafuvu alizitenga, hauzi. Akaanza kutafuta nyimbo za bendi zilizoandikwa kifuani mwa fulana hizo, na huo ukawa mwisho wa amani yetu. Muziki huo aliuita hevi meto. Magitaa yananguruma, mtu anaimba kama anakabwa koo. Bibi alikuwa akipita karibu na redio ya mjomba anafanya ishara ya msalaba.

Nilipokuwa na miaka kumi, bendi moja ya Ulaya ya muziki huo ikaja Dar. Tiketi hazikununuliwa, na wala sishangai. Basi Jumapili yenyewe ya shoo, gari la matangazo likazunguka Kariakoo na Mchikichini likigawa tiketi za bure. Mjomba alizipata tatu. Bibi akavaa kitenge cha kanisani.

"Mama, nawe unaenda?" mjomba akacheka.

"Kama ni shetani, nataka nimwone mwenyewe."

Ukumbi ulikuwa mmoja wa zile kumbi kubwa za michezo ya ndani, hauna dirisha hata moja. Nje jua la saa kumi linachoma, ndani taa tupu. Watu walikuwa wengi kuliko viti, vijana wa sokoni wengi wao, na bado wanaingia. Bibi alikuwa na tabia ya wenye maduka wote wa Kariakoo, kwa kuogopa moto: akiingia mahali, cha kwanza anatafuta mlango wa pili. Aliuona. Ulikuwa na mnyororo na kufuli.

"Kijana, ufunguo uko wapi?" bibi akamuuliza mlinzi.

"Shikamoo bibi. We kaa, enjoi shoo."

"Marahaba. Nimekuuliza ufunguo."

"Anao bosi."

Bibi akanishika kifundo cha mkono, na toka hapo hakukiachia. Mjomba yeye alishatangulia mbele kabisa, kwenye uzio wa chuma chini ya jukwaa.

Ngoma zilipoanza nilizisikia tumboni, siyo masikioni. Nikiri tu, nilipenda. Nilimwona mjomba kule mbele amerusha mikono, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Nilitaka kumwambia bibi aangalie, lakini bibi alikuwa akiangalia mnyororo. Wimbo wa nne haujaisha, umeme ukakatika.

Giza, kisha kicheko, kisha mtu akapiga kelele kwamba kunanuka moshi. Umati wote ukageuka kuelekea mlango mmoja uliokuwa wazi. Sisi tulikuwa karibu nao; hatua kumi tungekuwa nje. Bibi akageuka upande wa jukwaa.

"Mwanangu yuko kule," akasema. Halafu akavuta pumzi na kuipaza ile sauti: "Mzigo! Mzigo huo! Mzigo!"

Na wale watu, kwenye giza lile, wakatupisha. Sijui niseme nini zaidi. Ilikuwa tabia ya mwili. Niliwahisi wakijibana huku na huku, na njia ikafunguka mbele ya bibi kama pale sokoni. Tulimkuta mjomba amebanwa kwenye uzio, hapumui vizuri. Wachukuzi wawili walioijua sauti ile walikuja wakambeba mgongoni, tukarudi vile vile, bibi mbele, hadi kwenye jua.

Mbavu za mjomba zilizovunjika ziliungana baadaye. Moshi haukuwepo.

Lakini kijana mmoja hakutoka. Walimkuta amekufa kwa kubanwa, kando ya ule mlango wa mnyororo. Mlinzi alimweleza bibi kesho yake tulipopita pale ukumbini, bila kuulizwa, kwamba kijana huyo alikuwa ameketi wima, mgongo umebandikwa ukutani.

"Alinipisha mimi," bibi akasema tuliporudi nyumbani. Mjomba alimwambia si lazima iwe hivyo, watu walikuwa wengi. Bibi aliuza ndizi miaka saba mingine, na hakupaza sauti tena. Alitembea nyuma ya wachukuzi wake, kimya, na mikungu ikawa inagongana na watu.

Ukumbi siku hizi ni ghala. Redio ya mjomba sijui iliishia wapi, na bibi tumemzika kwao Kilimanjaro. Nilimkumbuka sana juzi, pale ukutani. Mzigo ulishapita, njia ilishakuwa nyeupe, na aliyekuwa amepisha ni mimi peke yangu, lakini miguu yangu ilikataa kutoka hadi nipate uhakika kwamba kila aliyepisha ameondoka.