Sindano za Kichina kwa Mbwa wa Mwamkulu

Juzi kwenye ofisi ya mifugo hapa Mpanda, mzee mmoja wa kijiji cha Mwamkulu alimshusha mbwa wake kutoka kwenye baiskeli. Miguu ya nyuma ilikuwa imepooza.

"Nimesikia redioni Wachina wanawadunga mbwa vijisindano visivyo na dawa, wanatembea tena," alimwambia bwana mifugo.

"Hapa hatuna, mzee. Mkande kwa maji ya moto. Akishindwa, mbwa wengine wapo."

Mzee alimfunika mbwa vizuri na kitenge.

"Hao wengine hawakumjua mke wangu. Huyu nikimtaja marehemu, anainua masikio."

Bwana mifugo akainama, akaanza kuikanda ile miguu mwenyewe.

"Ukishafika Tabora kwa treni," mzee akauliza, "China inabaki mbali?"

Mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, ninayejua ramani, nilitamani, kwa dakika ile, nisiijue.