Mafundo Yangu Kwenye Njia ya Bibi Milembe

Bora niseme la aibu mapema tusije tukazungushana: nilijikojolea. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tatu, nina skafu ya njano shingoni na filimbi kifuani, kiongozi wa matembezi, na nikajikojolea mchana kweupe mbele ya wenzangu wote, mwalimu wetu, na wanaume wenye pinde. Mkojo ulishuka mpaka kwenye raba ya mtumba, na kila nikipiga hatua raba inalia kwacha, kwacha. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokaushwa na jua, ile harufu ya chai iliyokosa sukari, vidole vinaniwasha na najikuta naangalia chini kama nimekauka. Basi. Mwenye kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele kuna kuchoka tu.

Ilikuwa ile miaka ya tisini kila kitu kilipofunguliwa. Maduka yalijaa, viwanda vya samaki vikaota kando ya ziwa, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia, na mama alikuwa anayapika vizuri mpaka unasahau kwamba nyama imesafiri. Baba alipunguzwa kazi kiwandani akaanza kuuza mitumba pale Mkuyuni, ndiyo maana mimi juu nilivaa kama mtoto wa balozi na chini viatu havifanani. Shuleni ndiyo walikuwa wameanza kutuulizauliza michango. Nilijua kabisa elimu yangu itaharibikia njiani kama lori la mkaa, na kweli, nilifika kidato cha pili ikazima. Kwa hiyo kikundi chetu cha wasichana cha kila Jumamosi ndicho kilikuwa chuo kikuu changu, na cheo nilichopata humo sijawahi kupata kingine hadi leo, labda mwenyekiti wa kuosha vyombo.

Aliyetuongoza alikuwa Dada Perpetua, mwalimu kijana aliyetembea haraka kama ameacha maharage jikoni. Siku moja akatuuliza nani atapanga matembezi na michezo ya mwisho wa muhula. Wengine wakataja rede ya kukwepa mpira, wengine kuvuta kamba, wengine kukimbia ndani ya gunia, kila mtu anataka ule anaoujua. Mimi nilikuwa naongea kuliko wote, na Dada Perpetua alikuwa na dawa yake ya watu wa namna hiyo: anayepiga kelele mpe kazi. Nikapewa. Nikaja na mpango wa mchezo wa kufuata njia, kwamba wawili watangulie kuweka alama, halafu kundi zima lifuate mpaka kwenye kisima kimoja kule milimani nyuma ya Buhongwa, tukifika tule mihogo, ndipo rede ianze. Mpango ulikuwa mzuri sana kwenye mdomo wangu. Shida ilikuwa alama zenyewe. Wenzetu wa sehemu nyingine wanapanga mishale ya mawe, lakini Mwanza ukipanga mawe nani atayaona, mji mzima ni mawe. Vijiti vitaokotwa kuni kabla hujageuka. Chaki ilikuwa ya shule, na shule yenyewe chaki inaigawa vipandevipande kama dawa ya minyoo. Nikakaa, nikawaza, nikajiona nina akili: tutafunga mafundo kwenye nyasi.

Ijumaa tulienda wawili, mimi na rafiki yangu Rukia, ambaye mama yake aliuza dagaa Kirumba na mwenyewe alikuwa na vidole vigumu kwa kufunga viroba. Tulianza barabarani tukapanda na njia, tunashika kishungi cha nyasi huku na kishungi huku, tunapiga fundo, tunaenda mbele. Mimi kwa sifa nilifunga hata pale ambapo njia ni moja tu na mtu hawezi kupotea hata akitaka. Penye kona nilifunga mara mbilimbili. Nusu ya njia kulikuwa na mji, yaani boma, wa Bibi Milembe, kikongwe aliyekaa peke yake na shamba lake la karanga. Tukamwamkia shikamoo, hakujibu marahaba. Alituangalia akauliza, "Mnatafuta mbuzi?" Nikamwambia hapana bibi, tunaandaa mchezo. Akasema, "Hizo nyasi za watu," akaingia ndani. Tukacheka tukaendelea kufunga mpaka kisimani.

Sasa nieleze ambalo mimi sikulijua na kila mtu wa kule alilijua. Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa. Mawingu yalikuwa yanatoka ziwani yamevimba, yanafika juu ya mashamba, yanapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Na katika Usukuma mvua ikigoma, wazee wanasema kuna mtu ameifunga, na mvua inafungwa na nini kama siyo fundo. Mimi ni Msukuma kwa baba na kwa mama, lakini nimekulia mjini, maji nayajua yanatoka bombani, mvua naijua kwa kuvuja kwa bati. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiniita Msukuma wa bomba. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi mtu angeniambia hiyo maana angalau Alhamisi.

Jumamosi tulishuka Buhongwa jua limeshaanza kuuma. Nikapuliza filimbi, nikatoa maelezo marefu kuliko matembezi yenyewe, tukaanza. Fundo la kwanza tukalikuta, wenzangu wakapiga makofi, nikavimba. Kisha tukasikia watu. Mbele ya mji wa Bibi Milembe palijaa, wanawake wameshika viuno, sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wana pinde na mishale mgongoni. Vyungu vya bibi, kigoda chake na ngozi yake ya kulalia vilikuwa vimetolewa nje, vimewekwa juani. Mwenyewe amesimama mlangoni na fimbo, halii. Mzee mmoja mrefu mwenye koti la mtumba lenye vifungo vya kung'aa ndiye alikuwa anaongea, na mkononi ameshika kishungi cha nyasi kilichong'olewa, katikati kina fundo.

Dada Perpetua akawasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakaitikia bila kugeuka. Mzee akamweleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni sokoni, kwamba huyu bibi ameifunga mvua. Mafundo yameonekana kutoka kisimani mpaka barabarani. Jua likizama awe ameondoka, asipoondoka watamwondoa wao. Hata Msukuma wa bomba aliielewa hiyo. Miaka ile vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga kwa macho mekundu tu, macho yaliyowashwa na moshi wa kupikia.

"Nimewaambia ni watoto wa mjini," Bibi Milembe akasema. "Wawili. Mmoja ana mdomo mrefu."

"Watoto wa mjini waje kufunga nyasi huku," mama mmoja akasema, "kwao wamekosa michezo?"

Hapo ndipo Anjela, mdogo kuliko wote kwenye kikundi, mwenye sauti ya kengele, akanivuta sketi. "Dada Tere, si ndiyo alama yako ile aliyoshika babu?"

Watu wote wakageuka. Na mimi ndipo nikafanya lile nililolisema mwanzoni. Nilitamani kukimbia, sitajisifu, lakini mtu ukishalowa miguu inakuwa mizito, na filimbi shingoni inakutaja. Nikasema, "Ni mimi, babu." Mzee akauliza mimi ni nani. Nikasema Tereza, wa Mkuyuni, na kwamba ni mchezo, tunafuata mafundo, tukifika kisimani tunakula mihogo. Ilikuwa kweli tupu, lakini kweli nyingine ukiisema mbele ya pinde inasikika kama mtu mwenye homa.

"Mchezo," mzee akarudia. "Ulifunga peke yako?"

Kabla sijafungua mdomo Rukia akatoka kwenye mstari. Hakuna aliyemtaja. "Na mimi, babu. Yaliyolegea ya kwake. Yaliyokaza yangu."

"Si nilisema," Bibi Milembe akasema. "Mdomo huo."

Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Wengine walisema bibi ndiye ametutuma, tena watoto ndio wanaotumwa siku zote, mkono wa mtoto hauna lawama. Wakabishana kwa Kisukuma cha haraka ambacho nilikuwa naokota neno moja katika matano. Mwisho mzee akanyamazisha watu, akasema fundo hufunguliwa na mkono uliolifunga. Halikatwi kwa panga, halichomwi moto. Tufungue yote, wao wakiangalia, na likibaki moja tu, hukumu ya bibi ni ile ile.

Mchuma janga hula na wa kwao, wamesema wahenga, ila hawakusema janga linachumwa kwa kuinama. Nyasi tulizozifunga jana mbichi zilikuwa zimekauka, zimebana kama meno ya mtu anayekataa dawa. Tulipanda mpaka kisimani tukaanza kushuka, fundo moja moja. Nyasi zile zina makali, zinachana katikati ya vidole pale ambapo hata mate yanauma. Ya Rukia yalihitaji meno. Dada Perpetua alijaribu kutusaidia akaambiwa mkono wake haumo, basi akawa anatembea pembeni na dumu la maji, anatunywesha kama ng'ombe. Wenzetu walikaa chini ya miamba kwenye vivuli, hawaimbi, mihogo iko kwenye mfuko hakuna aliyeigusa. Na nyuma yetu Bibi Milembe anakuja na fimbo yake, anatuonyesha. "Hapo umeacha." Tunarudi. "Na hapo." Nililaani kila kona niliyofunga mara mbili. Nililaani sifa zangu zote, na zilikuwa nyingi, zilifika mchana wa jua la utosi hazijaisha. Mgongo uligoma kunyooka. Rukia alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka na vidole vinaendelea, kama vidole na macho si vya mtu mmoja.

Na watu waliotufuata nao walianza kupungua makali. Kwanza walikuwa wanachungulia kila fundo. Baadaye wengine wakakaa chini, wengine wakaweka pinde juu ya mawe, yule mama aliyeuliza kuhusu michezo akatuletea uji kwenye kata. Tulipofika barabarani nikasema yameisha. Lakini Rukia akasema bado, lile la penye kichuguu, alilifunga yeye na tumepita hapo halipo. Tukarudi. Tukatafuta kwa magoti. Nilianza kupekua nyasi kwa pupa, maana jua lilikuwa limeshageuka kuelekea ziwani na vyungu vya bibi bado viko nje. Ndipo Rukia akainua kichwa akamwangalia yule mzee mwenye koti, akamnyooshea kidole chenye damu. Fundo la penye kichuguu lilikuwa mkononi mwake, kile kishungi alichokuwa amekishika tangu asubuhi, amesahau. Mzee akakiangalia kama saa iliyosimama. Akakaa juu ya jiwe, akafungua kiganja, Rukia akapiga magoti akalifungua humohumo kiganjani kwake. Lilichukua muda.

Mzee akasema, "Nendeni nyumbani." Kisha akageuka, akainua chungu cha Bibi Milembe yeye mwenyewe akakirudisha ndani, na vijana wake wakafuata na vingine. Bibi hakutushukuru, kwa nini atushukuru. Alisema tumemkanyagia karanga. Mvua haikunyesha siku ile, najua watu wangependa nidanganye kwamba ilinyesha. Ilinyesha ilipotaka, wiki nyingine, na bibi alikuwa bado yuko kwenye mji wake, maana mwaka uliofuata tulimkuta hapo akatuuliza tena kama tunatafuta mbuzi. Rede haikuchezwa. Mihogo tuliila tumesimama barabarani tukisubiri lori la kutupa lifti, na nyumbani mama alinichapa kwanza, akaniuliza baadaye, akaosha zile raba.

Leo ukienda kule nyuma ya Buhongwa hutaona nyasi za kufunga. Kumejengwa. Ile njia imekuwa ya mageti na kuta zenye vipande vya chupa juu, kisima kimefukiwa, na binti yangu shule yao ikienda matembezi wanapanda basi, wana ratiba iliyochapwa, saa ya kufurahi imeandikwa humo. Mimi nauza chakula Kirumba karibu na soko la samaki. Naamka kuwasha jiko watu wa heshima wakiwa wamelala, nasimama mpaka mchana, nainama kwenye masufuria, na jioni mgongo unagoma kunyooka kama siku ile, tofauti ni kwamba siku hizi hakuna anayengoja mwisho wake. Unachoka kila siku, kesho unachoka tena, na hakuna chungu cha mtu kinachorudi ndani.

Rukia bado anakuja kula kwangu. Mwezi uliopita alikaa kwenye benchi anatoa miiba ya sangara, na mimi nilikuwa nawasimulia wateja hadithi hii kwa namna yangu, kwamba niliokoa roho ya kikongwe kwa ulimi, kwamba nilimweleza yule mzee mpaka akaelewa. Rukia alimeza kwanza, akanawa, akasema, "Tere, wale hawakuamini neno lako hata moja. Walituangalia tulivyochoka, wakaona hakuna mchawi anayechoka vile."