Mlango wa Bi. Zuhura na Ardhi ya Serikali

Siku yangu ya kwanza katika Ofisi ya Ardhi, Tanga, enzi za Mwingereza, nilipewa nyundo kabla ya kalamu. Karani mkuu alinipeleka viwanjani akanionyesha bikoni, yale mawe ya mpaka yanayozikwa kwenye pembe za kiwanja. "Hasanali," aliniambia, "bikoni haisogei. Wanaosogea ni watu." Vijana wa hapa Don Mills, Toronto, huniuliza kwa Kiingereza, baada ya sala, kama kazi ile haikunichosha. Hata kidogo! Niliipenda na niliijua.

Nilihamishiwa Pangani, kisha nikarudishwa Tanga chini ya mkubwa mpya, Mwingereza tuliyemwita Bwana Ardhi. Kiswahili chake kilikuwa cha mtihani, sanifu hadi kinachekesha. Wakati huo lizi za mtaa mmoja, yaani mikataba ya kupanga ardhi ya serikali, zilikuwa zinaisha. Wapangaji walitaka ziongezwe. Bwana Ardhi alikataa, kwa kuwa nyumba zile alizitaka ziwe makazi ya watumishi wake.

"Lizi ikiisha," alisema, "ardhi hurejea serikalini pamoja na vyote vilivyo juu yake. Bandika tangazo kwenye kila mlango."

Huko kulikuwa kutoijua pwani. Kwetu kiwanja huwa na mwenyewe, na nyumba iliyo juu yake ikawa na mwenyewe mwingine, wala hakuna anayeshangaa.

Nilianza kwa Bi. Zuhura, mjane aliyelea wanawe kwa kupika mikate ya kumimina. Nyumba ile ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Nilifika na tangazo, nyundo na misumari. Mlango haukuwepo. Ulikuwa begani kwa mpwa wake, na juu ya paa fundi anang'oa mabati.

"Shikamoo, Bi. Zuhura. Mbona hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Ardhi ni ya serikali, sikatai. Lakini mabati nilinunua mimi, mlango nilichongesha mimi. Nawarudishia ardhi yenu kama nilivyoipokea."

"Sasa tangazo nilibandike wapi?"

"Libandike hewani."

Mtaa mzima ukamfuata, kila nyumba ikang'olewa mabati na milango. Bwana Ardhi alikuja mwenyewe, jasho linamtoka, akaugusa ukuta wa udongo uliobaki wazi.

"Hasanali, mvua ikinyesha kuta hizi zitakuwaje?"

"Zitarudi kuwa ardhi, bwana. Ya serikali."

Alinikodolea macho, nikajua kazi sina. Kisha akacheka. Lizi zote ziliongezwa, na Bi. Zuhura akaurudisha mlango wake na kunipa mkate wa moto. Nilirudi ofisini napiga mluzi.

Baadaye nilipanda vyeo, nikaja Toronto, nikapima viwanja vya Pickering na Unionville mpaka nikastaafu. Miaka hii ya tisini nakaa kwa binti yangu, natazama magari ya wenzangu yakienda kazini, na katika kazi yangu sina ninachokijutia.

Ila kabla sijaja huku, baada ya uhuru, serikali yetu wenyewe ilizichukua nyumba nyingi, ya baba yangu ikiwemo. Nilifagia sakafu, nikafunga madirisha, nikakabidhi funguo. Kila mlango niliuacha mahali pake. Bi. Zuhura, mzee sasa, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara ananitazama.

"Hasanali," akaniita, "nyundo yako iko wapi?"