Bodi Iliyokutana Zizini

Kila nikisikia redioni kwamba baraza la chuo kikuu fulani limevunjwa na jingine limeteuliwa, na watu wanashangilia, mimi hupandwa na hasira. Majina yamebadilika, sawa. Lakini hao wapya watakuwa wanakutana wapi kabla ya mkutano? Hakuna anayenijibu.

Swali hilo nililipata mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika chuo cha kilimo upande wa Gilgil. Kazi yangu ilikuwa kupima maziwa na kuandika kila ng'ombe ametoa kiasi gani. Chuo kilikuwa cha watoto wa masetla, Wazungu wenye mashamba, na bodi ilikuwa masetla watupu. Kisha serikali ikabadilisha sheria: Mwafrika angeweza kusoma pale, na Mwafrika mmoja angekaa kwenye bodi. Akateuliwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni, yule yule aliyenifundisha kusoma. Nikatuma ombi langu wiki hiyo hiyo. Miaka minne nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi wale ng'ombe anayekaribia kuzaa, na bado walimpita bila kumtambua.

Masetla walikuwa na desturi yao. Siku ya bodi hawakuingia ofisini moja kwa moja. Walipitia kwanza zizini na mabuti yao, wakaegemea ua, wakavuta viko na kukagua ndama. Mimi niliona ni mapenzi ya mifugo tu.

Siku ambayo bodi ingeamua ombi langu, mwalimu alifika mapema, amevaa suti nyeusi. Alipowaona wenzake pale uani, akaanza kuja zizini. Nikamkimbilia. Mwalimu wangu akanyage mavi ya ng'ombe?

"Mwalimu, huku ni matope tu. Twende ndani ukae, nikuletee chai."

"Lakini si wenzangu wako hapa?"

"Hao wanaangalia ng'ombe. Watakuja tu."

Nikamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, nikampa chai, nikarudi kazini nikijiona mtu.

Mkuu wa chuo alipojiunga na wenzake pale uani, mimi nilikuwa nimeinama kando ya ng'ombe. "Yule wa maziwa," akasema kwa Kiingereza, "tukimchukua, nani atatuandikia hesabu ya maziwa?" Mmoja akasema labda baadaye. Wengine wakaitikia kwa vichwa, wakarudi kwenye habari za ndama. Basi. Maisha yangu yalimalizwa hapo, hatua tatu kutoka nilipokuwa, na hawakujali hata kupunguza sauti. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko kukataliwa kwenyewe.

Mkutano ulipokwisha mwalimu alinitafuta. Alikuwa amechoka.

"Nimekutetea mpaka koo limekauka," akasema. "Hakuna aliyenibishia hata mmoja. Wamenisikiliza vizuri sana. Halafu mwenyekiti anasema jambo hilo bodi ilishakubaliana. Nikamwuliza, lini? Akaenda kwenye ajenda inayofuata." Akanikazia macho. "Wewe unafanya kazi hapa. Hawa watu walikubaliana lini?"

Nikamwambia sijui. Nilijua saa, nilijua mahali, na nilijua ni nani aliyemzuia kufika.