Piza ya Shangazi

Shangazi alikuja na piza ya dukani, imeganda kama jiwe, bado imefungwa kwenye boksi lake. Hakuwa amekanyaga nyumba yetu ya Biryogo tangu msiba wa mama. Nilijua kilichomleta. Posa ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia, na kwetu dada wa baba ndiye anayemtoa bibi harusi mbele ya wageni. Aliitaka nafasi hiyo. Nilijua pia kwa nini alibeba chakula kilichofungwa kiwandani.

Baba alipofariki, yeye ndiye aliyetangaza kwamba mama alimtilia sumu kwenye chai. Mama alikuwa akiuza sambusa mlangoni. Baada ya maneno yale, wateja walianza kupita upande wa pili wa kichochoro wakiangalia chini. Mama alikufa akiwa bado anaitwa mlozi wa sumu. Mimi nikaacha shule, nikawalea wadogo zangu kwa cherehani.

"Ipashe moto tu, mwanangu," akasema. "Usijisumbue na mengine."

"Hii iko uchi, Shangazi. Ngoja niivalishe."

Nikaliweka jiko la mkaa barazani, mbele ya majirani watatu waliokuwa wakichambua mchele wa posa. Nikaondoa nailoni polepole, ili aone. Nikakaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu, nikavitandaza. Nikaongeza pilipili hoho, sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, waliokaangwa wakakauka, jibini la Gishwati, na mwisho matone ya pilipili ya mafuta kutoka kichupa kisicho na lebo. Aliyafuata matone yale kwa macho. Nikaitia yote kwenye sufuria pana, nikafunika, nikapanga makaa juu ya mfuniko.

Harufu ilipotoka, bibi mmoja, mzee kuliko majirani wenzake, akacheka. "Weee, mkono wa mama yako huo."

Ilipoiva nikamkatia Shangazi kipande. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue yuko salama. Mimi nikakaa, mikono mapajani.

"Hujaonja," akasema.

"Nimeshiba."

"Hata kidogo tu, mwanangu."

"Unaogopa nini, Shangazi? Sema na hawa wasikie."

Majirani wakaacha kuchambua mchele. Akila, amekiri mbele yao kwamba nyumba yetu haina sumu. Akikataa, habari za posa atazisikia kwa watu. Alikiinua kipande, akakirudisha, akakiinua tena. Akauma. Alitafuna kwa muda mrefu huku jasho likimtoka. Nikampa cha pili, nacho akala.

"Ni kitamu," akasema.

"Sema kwa nguvu, bibi huyu hasikii vizuri."

Akarudia. Hapo ndipo nilipochukua kipande changu.

Alipokwisha kupangusa vidole, akaniuliza siku ya posa avae vazi la mshanana la rangi gani.

"Yoyote uipendayo," nikamwambia. "Utakaa na wageni. Mdogo wangu atatolewa na huyu bibi. Siku ile watu walipoogopa kuugusa mwili wa mama, yeye ndiye aliyeuosha."

Shangazi akaliokota boksi tupu la piza, akaanza kulikunja. Sikumsaidia. Nikamgeukia bibi, nikamuuliza kama anataka kipande chenye sambaza wengi.