Nilivyomzika Mfalme wa Mali Mjini Musoma

Nakiri mbele yenu: filamu za dola za kale za Afrika huniliza. Nikiona msafara wa dhahabu wa Mali, nasahau hata kwamba sina kazi. Ndiyo maana nilikubali kutafsiri kwa maikrofoni filamu moja ya maisha ya mfalme wa Mali tangu kuzaliwa, ukumbini Iringo, Jumamosi iliyopita. Mkuu wa shule moja ya Bunda angekuja kunisikiliza. Akiridhika, ningefundisha historia shuleni kwake.

Kwa woga niliitazama filamu hiyo mara sita nyumbani, nikaandika kila neno. Ukumbini sikuthubutu kuondoa macho kwenye karatasi. Nilipofika ukurasa wa tisa, umeme ukakatika. Uliporudi nikaendelea palepale, nikamzika mfalme kwa sauti nzito, nikaeleza jinsi dola nzima ilivyomlilia. Watu wakanyamaza kabisa. Nikajua nimewagusa.

"Kijana," mkuu akaita kutoka nyuma, "kwani huko Mali watu walikuwaga wanazikwa kwanza, halafu ndiyo wananyonya?"

Nikageuka kutazama skrini. Filamu ilikuwa imeanza upya. Mfalme niliyemzika alikuwa kifuani kwa mama yake, ananyonya huku ananitazama.